Minhaji ya Batavia: ni adimu kweli, lakini soma wino kabla ya bei

SWALI: Assalaam alaykum, maalim. Babu yetu amefariki hapa Mombasa, na katika sanduku lake tumekuta vitabu viwili vikubwa vya Minhaji ya Imamu Nawawi, Kiarabu pamoja na Kifaransa. Kimoja kimepigwa chapa Batavia 1882, kingine hukohuko 1884. Kuna mtu tumempata mtandaoni, anasema ni vitabu vya miaka 700 na anataka kuvinunua haraka, kabla hatujagawa mirathi. Ndani ya jalada la kimoja kuna mistari ya Kiarabu kwa mkono, inaanza na neno "wakfu". Je, ni vitu adimu? Ndiyo Minhaji ileile wanayodarsisha masheikh? Na tuuze?

JIBU: Wa alaykumu salaam, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee wenu. Sitajibu kwa mpangilio wa maswali yako. La mwisho limefungwa ndani ya ile mistari ya wino, na uzito wa mistari hiyo hauonekani mpaka ujue kitabu chenyewe ni cha namna gani.

Huyo mnunuzi amechanganya umri wa maneno na umri wa karatasi, kwa kutojua au kwa makusudi. Maneno ni ya kale kweli. Yahya bin Sharaf an-Nawawi alizaliwa 1233 katika mji mdogo wa Nawa, kusini mwa Syria, akasomesha Damascus kwenye Dar al-Hadith al-Ashrafiyya, akarudi kwao kufa mwaka 1277, hata miaka 50 hajafika. Minhaj at-Talibin, kitabu cha fikihi ya madhehebu ya Shafii, aliimaliza mwaka 669 Hijria, sawa na 1270 au 1271. Aliifupisha kutoka al-Muharrar ya Imamu Rafii wa Qazwin, na dibajini anasema sababu waziwazi: al-Muharrar ni kitabu kizuri, lakini ukubwa wake unawashinda watu wengi kukihifadhi, basi yeye atakitoa kwa kiasi cha nusu.

Karatasi mliyonayo mkononi ina kama miaka 140. Usivunjike moyo, kwa sababu katika fikihi ya Kiislamu hiyo ndiyo chapa ya mapema. Ibrahim Müteferrika alipopewa ruhusa ya kupiga chapa Istanbul mwaka 1727, vitabu vya dini, fikihi ikiwemo, viliwekwa nje ya ruhusa hiyo. Kiwanda cha Bulaq, Cairo, kilianza miaka ya 1820 hivi chini ya Muhammad Ali, mtawala wa Misri, na vitabu vikubwa vya madhehebu vikatoka huko polepole kadiri karne ilivyosonga. Hapa kwetu Sultani Barghash alianzisha matbaa yake Unguja karibu na 1880, na kazi iliyojulikana zaidi humo ni Qamus ash-Sharia, kitabu kikubwa cha Kiibadhi. Kwa hiyo Minhaji ya 1882 ni ya kizazi cha kwanza cha watu waliosoma fikihi kwenye chapa badala ya kuinakili kwa kalamu. Mzee wa sasa aliyeanza kusoma kwenye nakala ya Cairo au Beirut huenda asijue kuwa babu wa mwalimu wake aliandika nakala yake mwenyewe, sura kwa sura.

Sasa, kwa nini Batavia? Batavia, leo Jakarta, ilikuwa makao ya serikali ya Kiholanzi iliyotawala mamilioni ya Waislamu wa madhehebu ya Shafii, madhehebu yaleyale ya pwani yetu. Mwaka huohuo wa 1882 serikali ile ilitoa kanuni ya mahakama za kidini za Java na Madura. Maofisa wake walihitaji kujua makadhi wale wanahukumu kwa kitabu gani, na wengi hawakukijua Kiarabu. Kazi ikapewa Lodewijk Willem Christiaan van den Berg, ofisa na msomi wa sheria, aliyezaliwa 1845. Akaitoa Minhaji kwa amri ya serikali, kwenye kiwanda cha chapa cha serikali, juzuu 3 kati ya 1882 na 1884, matini ya Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Jina la Kifaransa ni *Le guide des zélés croyants*. Litafute kwenye ukurasa wa mbele. Kifaransa, si Kiholanzi, huenda kwa sababu alitaka wasomi wa Ulaya nzima wakisome.

Hapo utaona mlichopungukiwa: juzuu ya pili. Fungueni zile mbili mlizonazo muhakikishe. Minhaji inaanza na tahara na inaishia na mlango wa umm walad, yaani suria aliyemzalia bwana wake mtoto. Mlango huo wa mwisho leo unasomwa haraka au unarukwa, lakini kitabu hiki kilipotoka ulikuwa sheria hai Unguja. Hata amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa iliwaacha kando masuria. Wao walisubiri mpaka 1909. Nimeutaja kwa sababu wasomaji wa kale mara nyingi waliacha alama za wino pale walipokuwa na kesi mkononi, na kurasa za mwisho za juzuu ya tatu ni mahali pazuri pa kuzitafuta.

Kitabu cha Batavia kingefikaje kwenye sanduku la mzee wa Mombasa? Sishangai hata kidogo. Mahadhrami, yaani Waarabu wa Hadhramaut huko Yemen, waliokwenda Batavia na Surabaya ni ndugu wa waliokuja Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija. Barua, mahari, vitambaa na vitabu vilizunguka nao. Van den Berg mwenyewe alichapisha mwaka 1886 kitabu kizima juu ya Hadhramaut na jamii za Waarabu wa visiwa vile. Lakini njia nyingine inawezekana pia: afisa wa mahakama, mwanasheria, duka la vitabu vilivyotumika. Mihuri na majina yaliyoandikwa ndani yatasema zaidi kuliko kisio langu. Pigeni picha kila muhuri, hata uliofifia.

Swali lako la pili ndilo ninalolipenda. Ndiyo, matini ni ileile. Lakini hiyo si Minhaji ya msikitini, na tofauti yake imegusa maisha ya watu wa pwani kuliko wanavyojua.

Msikitini hakuna asomaye Minhaji peke yake. Mwanafunzi hupitia kwanza Safina na Abu Shujaa, vitabu vidogo vya kuanzia, na akifika kwenye Minhaji huwa pembeni pana sharhi, yaani vitabu vya kuifafanua: Mahalli, Mughni ya Khatib Shirbini, Tuhfa ya Ibn Hajar, Nihaya ya Ramli. Wenye silsila ya Hadhramaut humwegemea Ibn Hajar, wa Misri humwegemea Ramli. Na kabla ya mlango wa kwanza, mwalimu hukaa muda mrefu kwenye dibaji, kwa sababu humo Nawawi ametoa funguo. Akisema *al-azhar*, maana yake kuna kauli zaidi ya moja za Imamu Shafii mwenyewe, hii ndiyo yenye nguvu, lakini ile ya pili nayo ina nguvu. Akisema *al-mashhur*, bado ni kauli za Shafii, ila ile ya pili ni dhaifu. *Al-asahh* na *as-sahih* ni mizani hiyohiyo, lakini kwa rai za wanafunzi wa madhehebu, si za Imamu. *Al-madhhab* ni pale wapokezi walipotofautiana katika kuyanukuu madhehebu yenyewe. *Qila* ni rai dhaifu. Na akitaka kuongeza neno lake juu ya Rafii, hulifungua kwa *qultu*, nasema, na kulifunga kwa *wallahu aalam*. Neno moja linakwambia nani kasema, nani kapinga, na upinzani huo una uzito gani. Sijaona kitabu cha sheria cha zama zile, cha Waislamu au cha Wazungu, kinachobeba mabishano mengi hivyo katika nafasi ndogo hivyo.

Sasa mpe kitabu hicho hakimu asiyejua Kiarabu, bila sharhi, bila mwalimu. Atakisoma kama kanuni iliyotungwa na bunge: kifungu hiki kinasema hivi, basi. Christiaan Snouck Hurgronje, Mholanzi mwenziwe van den Berg, aliyeishi Makka mwaka 1885, alimshambulia kwa ukali juu ya jinsi alivyoielewa fikihi. Snouck alikuwa na makali yake, na mengine yalikuwa ya ushindani wa wasomi wawili wa serikali moja. Hata hivyo, kwenye hili naona alikuwa karibu zaidi na ukweli: fikihi ni elimu inayosomeshwa na mtu, na si gazeti la serikali.

Mnyororo ukarefuka. Mwaka 1914 E. C. Howard, aliyewahi kuwa hakimu wa wilaya Singapore, alitoa London Minhaji ya Kiingereza. Hakuitoa kwenye Kiarabu cha Nawawi, aliitoa kwenye Kifaransa cha van den Berg, na matini ya Kiarabu hakuiweka. Kitabu hicho cha Howard ndicho kilichokaa kwenye meza za mahakimu wa Kiingereza Aden na Afrika Mashariki. Kesi ya mirathi, ya talaka au ya wakfu ikitoka kwa kadhi kwenda rufaani, kadhi alikuwa amehukumu kwa Tuhfa aliyoisoma miaka mingi kwa masheikh. Hakimu wa rufaa aliipima hukumu hiyo kwa tafsiri ya tafsiri. Watu wa pwani walishinda na kushindwa kesi kwa sentensi zilizosafiri kutoka Damascus hadi Batavia hadi London kabla ya kurudi Mombasa. Juzuu zako ni kituo cha kati cha safari hiyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani yake, na ni kubwa kuliko hiyo habari ya miaka 700 ambayo si kweli.

Tuje kwenye wino. Nikupe mfano kutoka ndani ya kitabu chenyewe, kwa sababu bahati nzuri Minhaji ina jibu lenu.

Mlango wa wakfu unasema yafaa kuweka wakfu ardhi na majengo, kitu kinachohamishika, na hata fungu ambalo halijagawanywa. Kitabu ni kitu kinachohamishika, basi kinaingia. Sharti ni kiwe kitu ambacho manufaa yake yanadumu. Nawawi anatoa nje chakula na mirehani, kwa kuwa kimoja huliwa na kingine hunyauka. Kisha linakuja neno kuhusu nani anamiliki: *al-azhar* ni kwamba umiliki wa kitu kilichowekwa wakfu unahamia kwa Mwenyezi Mungu, yaani unatoka mikononi mwa wanadamu, hauwi wa aliyetoa wala wa aliyewekewa. Umeuona ufunguo? *Al-azhar*. Kwa hiyo ipo kauli nyingine yenye nguvu, na sharhi zinaitaja: kwamba umiliki unabaki kwa mtoaji, na nyingine kwamba unakwenda kwa aliyewekewa. Anayesoma tafsiri bila kuupima uzito wa neno hilo atadhani hapakuwa na mjadala. Lakini kwa jambo lenu mjadala huo haubadilishi kitu, kwa sababu uende upande wowote, wakfu uliosihi hauuzwi na haurithiwi.

Ndiyo maana waandishi wa zamani waliandika ndani ya jalada maneno ya kawaida: *la yubau wala yuhabu wala yurathu*, hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Someni kama maneno hayo yapo. Kama yapo, na babu alikuwa anakishika tu kitabu, basi juzuu hiyo haimo kabisa katika tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu. Haigawanywi kwa wana na mabinti, na haiwezi kulipa deni la marehemu. Babu alikuwa mwangalizi, na aliyebaki nacho leo ni mwangalizi mpaka kifike kwa waliowekewa: wanafunzi wa msikiti fulani, madrasa fulani, kizazi cha fulani. Yote hayo kwa kawaida yameandikwa kwenye mistari hiyohiyo.

Lakini msikimbilie kuamua wenyewe, kwa sababu Minhaji inaongeza neno ambalo watu husahau: wakfu hausihi ila kwa tamko. Maandishi bila kutamka yanahitaji nia, na nia ya marehemu haisomeki kwenye wino. Kwa hiyo mistari ile ni ushahidi mzito, lakini haimalizi jambo. Huenda aliyeandika alitamka mbele ya mashahidi. Huenda aliandika akakusudia kupeleka kitabu msikitini kisha akafa. Huenda jina lililoandikwa si la mwenye kitabu. Tazameni kama kuna jina la mtoa wakfu, tarehe ya Hijria, majina ya mashahidi na mahali. Ulizeni wazee wa mtaa kama wanakumbuka kitabu hicho kikisomwa wapi. Halafu pelekeni picha na kitabu chenyewe kwa kadhi. Kazi hiyo ni yake. Si yangu, na hakika si ya mnunuzi wa mtandaoni.

Jambo dogo lenye kuleta ugomvi: mistari iko kwenye juzuu moja. Je, wakfu ni wa hiyo tu au wa zote? Mtu aliyeweka wakfu seti kwa kawaida aliandika kwenye kila juzuu, au alitaja hesabu ya juzuu. Kama ile nyingine mliyonayo haina maandishi na ilishanunuliwa peke yake sokoni, huenda ni ya mirathi kweli. Mwambieni kadhi hilo waziwazi, msilifiche kwa kuogopa jibu.

Kuhusu bei sitakutajia namba. Bei ya kitabu kama hiki hufuata mambo matatu: ukamilifu, jalada, na nani alikimiliki. Juzuu 2 kati ya 3 hazipati theluthi mbili ya bei ya seti. Hupata chini sana, kwa sababu wakusanyaji wanataka kitu kizima. Na maandishi ya wakfu, ambayo mnunuzi mjanja atawaambia yanashusha thamani, yanaweza kuwa ndiyo anayoyataka. Mambo yaliyomo ndani hayana uadimu tena: kitabu kimeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure, nanyi mnaweza kuisoma juzuu ya pili leo usiku. Anayelipa analipia kitu chenyewe. Mtu anayekikadiria kitabu bei na kutaka kukinunua yeye mwenyewe, na haraka, kabla mirathi haijagawiwa, mwambieni asubiri. Akikataa kusubiri mmeshamjua.

Hakikisheni pia si chapa ya juzi. Siku hizi kuna watu wanaochukua zile picha za mtandaoni na kuzichapa upya. Karatasi yake ni nyeupe na laini, jalada limegandishwa gundi bila kushonwa, herufi zina ukungu wa kijivu, na utakuta muhuri wa maktaba ya ng'ambo umechapwa pamoja na ukurasa, si kugongwa juu yake. Chapa ya asili ukipitisha kidole utahisi herufi zimeuma karatasi, na karatasi yenyewe itakuwa imepiga rangi ya chai pembezoni na kuanza kuwa kavu. Karatasi za miaka ya 1880 nyingi zilitengenezwa kwa rojo ya miti yenye asidi, na ndiyo maana hati za mkono za karne ya 18 mara nyingi ziko hai kuliko vitabu vya chapa vya karne ya 19.

Ukavu huo ndio adui wenu wa sasa, pamoja na chumvi na unyevu wa pwani. Msianike kitabu juani. Msitie utepe wa gundi kwenye mpasuko, wala msikipeleke kufunikwa kwa plastiki ya moto. Kufanya hivyo hakurudishiki. Msinyunyizie mafuta ya taa wala dawa ya mende. Futeni vumbi kwa brashi laini mpya ya rangi, kutoka kwenye mshono kwenda nje. Jalada likiwa limeachia, lifungeni kwa utepe wa pamba kama mnavyofunga kifurushi, kitabu kilale chali kwenye rafu iliyo juu ya sakafu na mbali na ukuta wa nje, mahali penye hewa. Mkiona unga mpya wa kutoboa chini ya kitabu, kuna wadudu hai; kitieni kwenye mfuko uliofungwa kabisa, mkitenge na vitabu vingine, kisha muulize watu wa makumbusho kabla ya kujaribu dawa yoyote.

Wa kuwauliza wapo karibu. Makumbusho ya Fort Jesus hapo Mombasa wataweza kuwaelekeza, na swali la kukitoa kitabu nje ya nchi liulizeni hukohuko kabla ya kukubali chochote. Lamu, msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh una hazina ya hati za mkono iliyokwisha kupigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Watu waliofanya kazi ile wanajua kusoma maandishi ya wakfu ya mkono wa pwani kuliko mtaalamu yeyote wa ng'ambo. Na kama kadhi ataona ni wakfu ambao waliowekewa hawajulikani tena, Makamishna wa Wakfu wapo mjini kwenu.

Kwa sasa fanyeni haya kabla ya wiki kwisha: pigeni picha ukurasa wa mbele, maandishi ya wakfu, mihuri yote na ukurasa wa mwisho wa kila juzuu, andikeni kwenye orodha ya mali za marehemu "juzuu 2 za Minhaji, hukumu ya kadhi inasubiriwa", warithi wote watie sahihi, na mtafute juzuu ya pili kwa ndugu wa babu na kwenye msikiti aliokuwa akisali. Kitabu cha juzuu 3 kikitawanyika, mara nyingi ni kwa sababu mtu aliazima moja asirudishe, na huenda bado iko mtaa wa pili.